Mbwa Mkali, Mbwa wa Kamba

Kosa la kwanza la Kiswahili nililokutana nalo Nairobi lilikuwa limepigiliwa misumari langoni. Ilikuwa mwaka 1974. Nilikuwa mwalimu kijana niliyetoka Mombasa na cheti kipya cha ualimu, nikitafuta nyumba ya bwana mmoja aliyeniahidi vitabu vya shule. Nilipita njia ndefu zenye ua wa michongoma na malango ya chuma, na karibu kila lango lilikuwa na kibao chenye picha ya kichwa cha mbwa na maneno mawili chini yake: MBWA KALI. Nikasimama njiani nikicheka peke yangu. Mbwa ni kiumbe mwenye uhai. Husema huyu mbwa na hawa mbwa. Basi ni mbwa mkali, au mbwa wakali. "Kali" kavu kavu ni ya chai, ya dawa na ya jua. Nilikuwa na kipande cha chaki mfukoni, na nusura niiongeze ile herufi iliyopungua. Kilichonizuia si adabu. Ni mwenye kibao mwenyewe, aliyeruka nyuma ya lango na kubweka hadi vyuma vikatetemeka.

Vibao hivyo vingali vipo hadi leo, na kosa lake vilevile. Kwa miaka mingi nilikuwa nikiwasimulia wanafunzi kisa hiki ili wacheke na kushika ngeli, na kweli walicheka na walishika. Lakini chuoni, mkufunzi wetu wa fasihi alikuwa ametuonya kwamba uhakiki si kazi ya kuwinda makosa ya sarufi. Andishi lolote, alikuwa akisema, liwe utenzi wa beti elfu au tangazo la kuuza mkaa, liulize maswali matatu: nani anasema, anamwambia nani, na anamtaka afanye nini. Mimi nilikisahihisha kibao kile zaidi ya miaka arobaini bila kukiuliza hata swali moja kati ya hayo matatu. Nimekuja kukiuliza nikiwa mzee wa zaidi ya miaka sabini, tena msituni, nikiwa nyuma ya mbwa.

Naomba msomaji anistahimilie, kwa maana njia ya kufika msituni inapitia shuleni kwangu.

Mwaka 1986 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi huko bara ya Pwani. Mabati yalikuwa yakiibwa, na maembe ya shule yalikuwa hayafiki kuiva. Mzazi mmoja akatupa mbwa, dume jeusi lenye kifua kipana, nami nikamfungia mchana na kumfungulia jioni wanafunzi wakishaondoka. Nikaandika kibao kwa mkono wangu mwenyewe, kwa rangi nyekundu na hati nzuri: TAHADHARI! MBWA MKALI. Nilijivunia sana ile m. Niliwatoa nje watoto wa darasa la sita wakakitazama kibao, nikawauliza kwa nini mwalimu hakuandika kama wanavyoandika Nairobi, na waliojibu sawa niliwapigia makofi.

Haikutimia miezi miwili, jioni moja mbwa yule akamrarua paja mtoto wa miaka tisa hivi, aliyekata njia ya mkato kupitia kiwanja chetu akiwa na mzigo wa kuni kichwani. Tulimpeleka zahanati, akaanzishiwa sindano. Kesho yake baba yake akaja ofisini. Mimi, badala ya kuinuka kwenye kiti, nilimshika mkono nikampeleka hadi langoni nikamwonyesha kibao. Nikamwambia, "Mzee, tumeandika." Yule baba akakitazama kibao kwa muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Mwalimu, mwanangu angejua kusoma, jana angekuwa darasani kwako, asingekuwa kwenye kuni."

Sikuwa na jibu. Nilimwuza mbwa, nikaking'oa kibao, na kisa hicho sikuwasimulia wanafunzi.

Sasa tuingie msituni. Binti yangu amepanga nyumba Nairobi, na kila mwaka mimi hukaa kwake wiki chache. Jirani yake ni mama mmoja mjane, muuguzi mstaafu, anayefuga mbwa wa wastani mwenye rangi ya mchanga aitwaye Simba. Mjukuu wangu, msichana wa miaka kumi na miwili, ameshikana urafiki na mama huyo na mbwa wake, na Jumamosi asubuhi huenda wote watatu kutembea katika Msitu wa Karura. Jumamosi moja alinijia na viatu vyangu mkononi. "Babu, leo na wewe twende."

Nilisitasita. Sisi tuliolelewa Pwani katika madhehebu ya Shafi tumefunzwa tangu utotoni kwamba mate ya mbwa ni najisi nzito, huoshwa mara saba na mojawapo kwa udongo. Sheria hiyo naiheshimu, na haikuniamuru hata siku moja nimchukie mnyama wala nimwonee. Chuki ilitoka kwingine, labda katika methali. Nikamjibu mjukuu wangu kwa ile iliyo tayari ulimini mwa kila mzee wa Pwani, kwamba ukimzoea mbwa atakufuata hadi msikitini. Nimeifundisha methali hiyo mara nyingi mno, na maana yake niliyoiandika ubaoni ni moja tu: usijenge mazoea na mtu duni, atakuaibisha mbele ya watu.

Mtoto akafikiri kidogo. "Lakini Babu, akifika msikitini si amemfuata rafiki yake? Hapo mbwa kakosa nini?"

Mtu aliyesomesha watoto maisha yake yote hujua swali linapomshinda. Nikavaa viatu.

Msitu wa Karura uko kaskazini mwa jiji, umezungukwa na mitaa ya Muthaiga, Gigiri na Runda, na barabara za Limuru na Kiambu zimeupakata huku na huku. Ulitangazwa rasmi kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1932, na ukubwa wake unapita hekta 1,000. Njia zake za miguu, ukiziunganisha, zinapita kilomita 50; njia panda zimepewa nambari ili mgeni asipotee. Kuna maporomoko ya maji, kuna bwawa, kuna mito midogo inayoteremka kwenye mabonde, na kuna mapango yanayosemekana kuwa yalitumiwa na wapiganaji wa Mau Mau miaka ya 1950. Miti yake ni ya makabila mawili, ukiniruhusu kusema hivyo: ile ya asili kama mihugu, na ile ya kigeni kama mikaratusi, iliyopandwa zamani ili garimoshi lipate kuni. Juu wanapita kima, na mbega weusi wenye mikia meupe, ambao walirudishwa hapa katika muongo uliopita. Chini kuna pongo, funo na paa, swala wadogo waishio kwa kujificha.

Na mbwa wanaruhusiwa. Jambo hili lilinishangaza, kwa kuwa katika Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1946 upande wa pili wa jiji, mnyama wa kufugwa haingii. Lakini Karura si hifadhi ya taifa. Ni msitu wa serikali ulio chini ya Shirika la Misitu la Kenya, unaotunzwa kwa ushirikiano na chama cha wananchi, Marafiki wa Msitu wa Karura. Mbwa huingia kwa sharti moja kubwa: awe amefungwa kamba, na ncha ya pili ya kamba iwe mkononi mwa mtu. Jirani yetu alikuwa na sharti lake la ziada. Mfukoni alikuwa na vifuko vya kuzolea kinyesi, na alivitumia bila kuona haya, akainama mwenyewe, mama wa umri ule.

Mwanzoni niliiona kamba kama mapambo ya watu wenye nafasi. Mbwa wa kijijini hatembezwi, hujitembeza. Nikamwuliza yule mama kwa nini hata katikati ya msitu mkubwa namna hii asimwachie Simba akafurahi.

"Mwalimu," akanijibu, "Simba akifurahi, mwenzake atakufa."

Akanieleza. Pongo na funo huwaficha watoto wao vichakani na kwenda kula; mtoto hulala kimya asionekane. Jicho la mwindaji hudanganyika, lakini pua ya mbwa haidanganyiki. Na swala mkubwa akifukuzwa, anaweza kukimbia hadi nguvu zikamwisha, hata asipoumwa jino moja. Kisha akanionyesha kwa mkono upande wa barabara. Msitu huu umezungushiwa uzio wa umeme. Uzio ule ndio uliouokoa msitu na ndio uliowaletea watu amani ya kutembea. Lakini kwa swala anayekimbizwa na mbwa, uzio ni ukuta. Katika msitu ulio wazi mnyonge huweza kuhama. Katika msitu uliofungwa, mnyonge hana pa kwenda, kwa hiyo hapana budi mwenye nguvu afungwe naye.

Akataja pia maradhi, na hapo uuguzi wake ukajitokeza. Kichaa cha mbwa, kikishaonyesha dalili kwa mtu, karibu hakina tiba. Na karibu watu wote wanaokipata hukipata kwa mbwa. Chanjo ya asilimia 70 ya mbwa wa mahali hutosha kukikata. Akasema mbwa huweza kuua hata simba: mwaka 1994 ugonjwa wa mbwa uitwao distempa uliingia Serengeti, na karibu theluthi moja ya simba wa huko, yapata 1,000, walikufa. "Nimempa huyu jina la Simba," alisema akicheka, "ili nisisahau kumchanja."

Nilipomsikia akitaja kichaa cha mbwa, nilikumbuka zahanati ya mwaka 1986 na mtoto aliyeng'ata kanga ya nesi huku akichomwa sindano. Sikusema kitu.

Tulikuwa tunateremka kuelekea mtoni ndipo tukio lenyewe likatokea. Kwenye kona likachomoza jibwa la rangi ya kahawia, halina kamba wala mtu, likatujia mbio. Mimi niliganda. Miguu yangu, ambayo ina umri wake, ilikataa kwenda mbele na kurudi nyuma. Mjukuu wangu alijificha nyuma yangu. Jirani akamvuta Simba karibu na goti lake. Kisha kutoka nyuma ya kona ikasikika sauti ya kijana, ya kirafiki kabisa: "Usiogope, mzee! Haumi!"

Kabla hatujavuta pumzi, pongo jike alichomoka kichakani hatua chache kutoka tulipokuwa. Jibwa likatuacha likamwandama. Tulisikia matawi yakivunjika, mbali, kisha mbali zaidi. Kijana akapita mbio akipiga mbinja na kuliita jibwa lake kwa jina, na jina lile likawa halina maana yoyote kwa mwenye nalo. Baada ya robo saa hivi jibwa likarudi, ulimi nje, limelowa ubavu mmoja. Kijana alilifunga kamba, ambayo muda wote ilikuwa shingoni mwake yeye mwenyewe kama skafu. Akatuomba radhi kwa adabu. "Huwa hana shida," alisema. "Hajawahi kuuma mtu."

Habari za pongo hatukuzipata.

Hapo ndipo maswali matatu ya mkufunzi wangu yalipozinduka. Nilikaa juu ya gogo, nikaona nina maandishi matatu mbele yangu, na nikayahakiki kama nilivyofunzwa ujana wangu.

Andishi la kwanza ni MBWA KALI. Nani anasema? Mwenye nyumba, aliye ndani. Anamwambia nani? Si mgeni wake. Mgeni wake huja na gari, hupiga honi, akafunguliwa. Anaambiwa yule anayetembea kwa miguu: mtafuta kazi, mama wa mboga, kijana mwenye barua, mtoto. Anatakiwa afanye nini? Aondoke. Tazama tena ni kwa nini kibao kimeandikwa Kiswahili. Wakati ule, ndani ya malango yale watu walizungumza Kiingereza. Matangazo ya furaha, ya arusi na ya mnada, yaliandikwa Kiingereza. Lugha yangu ilichaguliwa kwa kazi moja tu, ya kufukuza. Ndiyo maana hata ngeli haikuhitajiwa. Kile ni Kiswahili cha bwana kwa mtumishi, ambacho wenyewe tulikiita Kisetla, na lugha ambayo haingoji jibu haina haja ya upatanisho wa kisarufi. Kosa lile halikutokana na ujinga peke yake. Lilikuwa ni dharau iliyojiandika.

Lakini sharti nijihakiki na mimi. Kibao changu kilikuwa na ngeli zake zote, na kilifanya kazi ileile. Nani alisema? Mwalimu mkuu. Alimwambia nani? Yeyote apitaye. Alimtaka afanye nini? Asome, aogope, azunguke. Na asiyejua kusoma je? Nilisahihisha herufi nikaiacha dhuluma pale pale ilipokuwa. Tena yangu ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu bwana wa Nairobi hakuwahi kujidai kuwa mlezi wa watoto.

Andishi la pili ni HAUMI. Halikuandikwa, lilisemwa, na kwa tabasamu. Wala simchukii kijana yule. Lakini liulize maswali yaleyale. Anayesema ni mwenye mbwa. Anayeambiwa ni mwenye hofu. Anayetakiwa abadilike ni nani? Ni mwenye hofu! Kibao kinamwambia aogope, kijana anamwambia asiogope, na katika hayo yote mawili mwenye mbwa hajainua hata kidole. Maneno yanaonekana kama usiku na mchana, lakini yametoka tumbo moja. Tena "haumi" ni ushahidi wa mtu mmoja juu ya mambo ya jana. Mtoto wangu wa kuni naye angeweza kuambiwa hivyo, kwa maana mbwa wetu, kabla ya jioni ile, hakuwa amemuuma mtu. Na pongo hakuambiwa chochote.

Andishi la tatu ni kamba. Nani anasema? Msitu, yaani sisi sote tulio na haki ya kuwamo. Unamwambia nani? Mwenye mbwa. Unamtaka afanye nini? Ashike. Kati ya maandishi matatu, hili ndilo pekee linalomwambia jambo mwenye uwezo wa kulitenda. Halimtaki mzee ajifunze ujasiri, halimtaki mtoto ajue kusoma, halimtaki pongo ahame. Linamtaka mwenye kitu akiangalie kitu chake. Nimesoma tungo nyingi zilizosifiwa kwa hekima, na chache zimeweka mzigo mahali pake kama sharti hili la mstari mmoja.

Ndipo nikaelewa kwamba sharti kama hilo halikukosea njia likaingia Karura. Historia yote ya msitu huu ni habari ya nani aambiwe asogee. Miaka ya 1990 vipande vyake viligawiwa watu kimyakimya ili wajenge majumba. Tarehe 8 Januari 1999 Profesa Wangari Maathai na wenzake walikwenda kwenye lango la msitu kupanda mti; wakavamiwa na kundi la walinzi waliowekwa pale kuwazuia, na yeye akajeruhiwa kichwani. Alipofika kituo cha polisi alitia sahihi taarifa yake kwa damu iliyokuwa ikimtoka. Mwezi Agosti mwaka huohuo Rais Daniel arap Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Mwaka 2004 mama yule alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Mwaka 2011 akafariki, na ni mwaka huohuo watu wa kawaida walipoanza kuingia Karura kwa wingi, baada ya uzio kujengwa, mahali ambapo awali palihofiwa kwa majambazi. Waliompiga walikuwa wanalinda lango lenye kibao kisichoandikwa, na maneno yake tunayajua. Alichokidai ni kwamba wanaostahili kufungwa kamba ni wanyakuzi, na si mwananchi mwenye mche mkononi.

Hakiki isiyotaja upungufu ni sifa tu, kwa hiyo nitaje upungufu ninaouona, na ni wa aina mbili.

Kwanza, kamba ni andishi linaloishi mkononi mwa msomaji wake. Likiachwa, msitu hauna sauti ya pili. Mlinzi hawezi kuwa kwenye kila kona ya kilomita 50, na sisi wapita njia tunaona haya kumwambia mtu amfunge mbwa wake, hasa akiwa na adabu na gari zuri. Mimi mwenyewe, aliyewakemea watoto nusu karne, nilinyamaza. Ni yule mama muuguzi aliyesema, "Kijana wangu, mfunge toka langoni, wala usingoje atende." Basi upungufu huo ni wangu zaidi kuliko wa msitu.

Pili, mahali penye kiingilio pana ungo wake. Kiingilio kikiwa kidogo kinatunza msitu, na mimi ninakilipa bila kinyongo. Hata hivyo, kila nikipishana na mbwa waliochanwa manyoya vizuri, najiuliza ni wangapi kati ya wanaotembea pale walipata kumjua mbwa kutoka upande wa nje wa lango. Mtoto wa mama wa mboga anamjua mbwa kwa sauti na kwa kibao. Yeye ndiye hasa angefaa kumwona mbwa aliyeshikwa, akajua kwamba mnyama yule si adui yake, na kwamba kufungwa kwa mbwa ni haki yake yeye mpita njia. Shule zingewaleta. Ningekuwa bado mwalimu mkuu, ningewaleta, na pale langoni ningewauliza maswali matatu.

Tulimalizia matembezi mapangoni. Simba alijilaza mlangoni, akanyosha miguu yake ya mbele, akaweka kidevu juu yake. Mjukuu wangu akanitazama akitabasamu, nami nikajua anachokifikiri, kwa kuwa sote tumekisoma madrasa: kisa cha vijana wa pangoni katika Sura ya Kahf, waliolala miaka na miaka, na mbwa wao amenyosha miguu kizingitini. Watu wanabishana juu ya idadi ya vijana wale, walikuwa watatu, au watano, au saba. Lakini kila anayehesabu humhesabu na mbwa. Nimekisoma kisa hicho tangu utoto, na nimefundisha methali ya msikitini tangu ujana, na sikuwahi kuviweka kando kwa kando. Mtoto wa miaka kumi na miwili aliviweka.

Wakati wa kurudi yule mama aliinama kufunga kamba za viatu. "Mwalimu, nishikie kidogo." Nikashika. Ni mara yangu ya kwanza maishani kushika mbwa aliyefungwa. Alipovuta, nilivutwa, niliposimama, alisimama akageuka kunitazama, kuuliza kuna nini. Siku zote nilidhani kamba hufunga shingo ya mbwa. Nilijua asubuhi ile kwamba ina ncha mbili, na kwamba mwaka 1986 ncha yangu niliiachilia, nikachukua brashi ya rangi nyekundu mahali pake.

Mtoto yule sasa anakaribia miaka hamsini, kama yuko hai. Jina lake nalikumbuka, lakini sitaliandika hapa bila ruhusa yake. Baba yake hakudai kitu, nami sikumwomba radhi, si yeye wala mwanawe. Nilimwonyesha kibao tu. Kitabu hiki nimekichapisha kwa fedha zangu, nakala chache, na nyingi zitabaki Pwani. Huenda moja ikafika kule bara kwetu, ikasomwa na mtu anayejua habari ya kuni zile. Akiisoma, namwomba amfikishie mwenzangu ujumbe huu: kibao kilikuwa hakina kosa la sarufi, mwenye kosa nilikuwa mimi, na naomba radhi.